Mpaka Nigeuze Samaki

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na Kiingereza changu ni zile salamu mbili tatu za kuwaambia watalii wanaopotea njia hapa Dunda, Bagamoyo. Lakini nimemfundisha mtu Kiingereza, na amefaulu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize.

Kazi yangu ni kukaanga samaki. Nina kibanda cha makuti, karai moja kubwa jeusi, upawa wa matundu, na mabenchi mawili ya wateja. Ubavuni mwangu yupo jirani yangu mpika chapati. Mtu hununua samaki kwangu, chapati kwake, akakaa kwenye benchi langu akala. Mimi na jirani tunagombana asubuhi na kuazimana mkaa mchana, na siku asipokuja naona kibanda kimepwaya.

Niliyemfundisha ni mjukuu wangu, nimemlea tangu ana miaka minne. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alipata kazi Dar akaniomba nikae naye mwezi mmoja mpaka apate chumba kizuri. Ule mwezi haujaisha mpaka leo. Babu yake alipokuwa hai alikuwa akimwita mke wake mdogo, kwa hiyo mimi na huyu mtoto ni wake wenza. Mume wetu ametangulia, Mungu amrehemu, lakini uke wenza tumebaki nao. Nikimwita jikoni nasema, "Mke mwenzangu, njoo ukune nazi, au unadhani umeolewa peke yako?" Naye huja anacheka.

Alisoma pale Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi. Akasomea kusindika samaki: kuwakausha, kuwagandisha, kuwapima wasije wakaua watu. Watu waliniuliza mtoto wa muuza samaki anakwenda kusomea samaki kwa nini, si angekaa karaini tu. Niliwaacha waseme. Alipomaliza, walimu wake wakamsaidia kuandika maombi, na chuo kimoja cha nje, huko kwenye baridi, kikamkubali akaendelee kusoma. Barua ilikuja kwenye simu. Alinisomea mara tatu, nikapiga kigelegele mpaka jirani akadhani nimeungua.

Barua hiyo ilikuwa na sharti. Sharti lenyewe ni kwamba afanye mtihani wa Kiingereza, apate alama wanazozitaka. Mtihani una sehemu nne: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Akaenda Dar akaufanya. Majibu yalipokuja, tatu amepita vizuri. Ya kuongea ameanguka.

Wakamruhusu airudie hiyo moja, mara moja tu, na nafasi yake ikawekwa kwa wiki sita. Akikosa hapo, anapewa mwingine. Basi. Yaani miaka yote ya Mbegani, kunuka samaki darasani na kunuka samaki nyumbani, ilikuwa imesimama juu ya robo saa ya kuzungumza na mtu asiyemjua.

Nikamuuliza, "Walikuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida, Bibi."

"Ukajibu nini?"

"Nilijibu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukitaka neno kwake lazima ulivute kama pweza kwenye jiwe.

Sasa kulikuwa na mwalimu wa sekondari, kijana wa bara, mtu wa kanisani, mpole, anayefundisha Kiingereza. Huyu alikuwa mteja wangu wa kila siku alasiri, na alikuwa hawezi kuchambua samaki. Anamwaga miba mpaka paka wanamfuata. Nilimwambia shida yetu. Akaja kesho yake na kijitabu. Kila ukurasa una mada yake: chakula, safari, afya, hali ya hewa, kazi, mji unaotoka. Chini ya kila mada kuna maneno yake, na chini ya maneno kuna misemo ambayo Waingereza wenyewe huitumia wakiongea. Alisema mtu akiijua hiyo misemo na kuitia mahali pake, wasahihishaji humwona amekomaa.

Nikasema hilo mbona dogo. Mimi nimehitimu Kurani hapa hapa mjini, na chuoni kwetu, yaani madrasa, mtu hakuwa na kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Mwalimu anasema, nyinyi mnafuatisha, mwili unayumba mbele na nyuma, mpaka maneno yanakaa kwenye mifupa. Hadi leo ukiniamsha usingizini nakusomea. Kwa hiyo nikatandika mkeka ukumbini, nikamkalisha mjukuu wangu, tukaanza.

Mimi nilishika kijitabu. Herufi nazijua, Kiswahili nasoma bila shida, ila Kiingereza kinaandika herufi nyingi kisha kinasoma chache, kama mtu anayealika watu ishirini akapika sahani tano. Sikujali. Nilifuata kwa kidole, yeye akawa anaghani, na akikwama namgusa goti kwa upawa. Asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mchana tukirudi kuswali, ukurasa baada ya ukurasa.

Misemo nilitaka nielezwe maana, kwani siwezi kufundisha kitu nisichokijua.

"Huu hapa," akasema. "Jambo likiwa jepesi wanasema ni kipande cha keki."

"Aliyesema hivyo hajaoka keki kwa mkaa."

"Mtu akiumwa kidogo wanasema yuko chini ya hali ya hewa."

"Na mzima yuko juu yake? Amekaa wapi huko?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Endelea."

"Mtu akiwa mgeni mahali, hajui afanye nini, wanasema ni samaki aliyetoka majini."

Hapo niliweka kijitabu chini. "Na wanamwonea huruma?"

"Ndiyo, wanamwonea huruma."

"Mimi nikimwona samaki aliyetoka majini natafuta kisu."

Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Sijui kwa nini sikuona pale pale kwamba kicheko kile ndicho kilikuwa somo. Nikamwambia ainuke turudie ukurasa wa afya.

Wiki mbili zikaisha hivyo. Kitabu chote kikawa kichwani. Nilijivuna, sikatai. Nikamwita mwalimu, nikampa samaki mzuri, mzima, aina ya changu, nikamwambia, "Mwanangu, mpime."

Mwalimu akafuta mikono, akamuuliza kwa Kiingereza swali moja la chakula. Neno la chakula nilikuwa nalijua sasa, nikatulia nisikilize.

Mtoto akafumba macho. Akaanza kuyumba. Ukurasa wote wa chakula ukamtoka kwa sauti moja ya chuoni, ile ya kuvuta mwishoni, bila kupumua, na keki yake ndani, na alipomaliza akashusha pumzi na, wallahi, akataka kupaka mikono usoni kama aliyemaliza dua.

Jirani akasema, "Amin."

Benchi zima likaangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa na mwiba, tukampiga mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Shikamoo Bibi, tena na tena. Ameyashika yote. Lakini wale wakisikia hivi wanakata alama. Wanataka maongezi. Ukikariri wanajua."

"Sasa kosa liko wapi? Maneno si hayo hayo?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mtoto kwa Kiswahili, taratibu. "Siku ile ya mtihani, yule mtu alikuuliza unatoka wapi. Ulimjibu nini?"

"Bagamoyo."

"Akakuuliza unapapenda?"

"Nikasema ndiyo."

"Kisha?"

"Kisha nikanyamaza. Alikuwa mzee."

"Ulikuwa unamtazama?"

"Hapana. Nilitazama meza."

"Kwa nini?"

 Mjukuu wangu akatazama chini, kama alivyozoea. "Mkubwa akikuuliza, unajibu alichouliza. Ukiongeza la pili ni ubishi. Ukimkazia macho ni ufedhuli."

"Nani alikuambia?"

  Watu wote kwenye benchi walinigeukia mimi, na mimi nimesimama na upawa mkononi, ule ule niliomfundishia adabu.

Ni kweli. Nilimlea hivyo, nami nililelewa hivyo, na nyumba nzuri zote za mji huu zinalea hivyo. Mtoto anapiga magoti kidogo, anasema shikamoo, anaulizwa habari, anajibu nzuri, anaondoka. Nilikuwa nikisifiwa mtaa mzima. Wanawake walikuwa wakiwaambia mabinti zao mtazameni yule. Kumbe ile adabu niliyokuwa nasifiwa ndiyo iliyomwangusha.

Jirani, asiyejua kunyamaza, akasema, "Basi umemfunga mdomo mwenyewe, umfungue mwenyewe."

Niliumia, lakini mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Nikamuuliza mwalimu, "Nifanyeje?"

"Aongee na wewe, Bibi. Kwa Kiswahili kwanza. Kwenye mtihani anapewa karatasi yenye mada, anafikiri dakika moja, anaongea dakika mbili bila kusimama. Kama hawezi kukutazama wewe machoni akaongea dakika mbili kwa Kiswahili, hataongea na mgeni kwa Kiingereza."

"Dakika mbili nitazijuaje?"

Alitaka kunipa simu yake iwe inahesabu. Nikamwambia aiweke mfukoni isije ikaingia mafuta. Kipande chembamba cha nguru, mafuta yakiwa yamekolea, upande wa kwanza unaiva kwa muda kama huo. Miaka yote hii sijawahi kutazama saa na sijawahi kutoa kibichi. Tukapatana: nikitia kipande karaini, anaanza kuongea. Nikikigeuza, ananyamaza. Akinyamaza kabla, sigeuzi. Kiungue, na kilichoungua anakila yeye.

Siku ya kwanza alikula vipande vinne vyeusi.

Wateja walilalamika kwa moshi, lakini hakuna aliyeondoka. Mchezo ulienea. Alasiri watu wakaanza kuja mapema ili wapate nafasi kwenye benchi, na kila aliyekuja alikuja na mada. Dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto watatu, alikuwa anazima pikipiki na kusema, "Leo muulize kuhusu usafiri." Jirani alitaka kila siku iwe ndoa.

"Ndoa haimo kwenye kitabu," mjukuu anamwambia.

"Basi kitabu hakijakamilika."

Kwangu haikuwa rahisi. Mara ya kwanza aliponiinulia macho na kuyaacha pale pale usoni kwangu, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe na upawa. Nikaushusha. Naye aliona. Akapepesa macho, akayarudisha chini, samaki akaungua. Nikamwambia, "Tazama! Nitazame mimi! Mimi si jua, sikuchomi."

"Unatisha, Bibi."

"Natisha kwa nini?"

"Umekunja uso."

"Huu ndio uso wangu. Mume wetu aliupenda hivi hivi."

Akacheka, na alipocheka maneno yakamfuata. Tangu hapo nikajua: kwanza nimchekeshe, kisha nitie samaki.

Siku moja, wiki ya nne, mwalimu alitoa mada ya shule. Eleza siku zako za shule ya msingi. Nikatia kipande. Mtoto akanitazama, akaanza kwa Kiswahili, na mimi nikategemea yale ya madawati na walimu.

Akasema darasa la tatu mpaka la saba walikuwa wakimwita Kibua, jina la samaki, kwa sababu alinuka samaki. Akiingia darasani wanaziba pua. Siku ya kwanza alilia chooni. Siku ya pili alimpiga msichana mmoja kwa begi la vitabu, begi likapasuka, akaniambia limenasa kwenye mlango. Siku ya tatu alichukua vipande viwili vya samaki kwangu asubuhi, vya kwake vya kula, akavikata vidogo vidogo akawaonjesha mapumziko. Wakapenda. Kesho yake wakamwomba. Mpaka anafika darasa la saba yule aliyepigwa begi ndiye rafiki yake, na jina Kibua likawa cheo, na hata wakati wa mtihani wa mwisho walikaa karibu naye wapate bahati.

Alikuwa anaeleza kwa mikono. Anaiga pua zilizozibwa, anaiga begi linavyopasuka. Benchi zima linacheka, jirani ameacha chapati inavimba peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Miaka hiyo yote, kila siku akirudi, nilikuwa namuuliza, "Shule vipi?" Na kila siku alikuwa ananijibu, "Nzuri." Nami nilikuwa naridhika. Neno moja, macho chini, mtoto mwenye adabu.

"Bibi, samaki!" akapiga kelele.

Kilikuwa kimekuwa mkaa. Nikakitoa, nikakiweka kwenye sahani yangu mwenyewe. Siku hiyo nilikila mimi, chote, na kilikuwa kichungu, na nilikuwa nimefurahi kupita siku nyingi zilizopita.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza tulipokuwa tunafunga kibanda.

"Hukuniuliza, Bibi. Uliuliza shule vipi."

Angenijibu hivyo mwaka jana angelala na njaa. Nikamwambia abebe karai.

Baada ya hapo tukahamia Kiingereza. Mimi sielewi, lakini sauti naielewa. Nikisikia imeanza kuvuta ile ya chuoni nagonga karai kwa upawa, anaanza upya. Misemo mingi ilimtoka kichwani, na mwalimu akasema iache itoke, itakayobaki ndiyo yake. Wateja wangu nao wakawa mahodari wa kutikisa kichwa. Dereva wa bodaboda alikuwa anasikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha anasema, "Hapo katikati umenigusa," na hakuelewa hata neno.

Siku ya mtihani tulikwenda Dar pamoja. Nilivaa baibui jipya, nikajifukiza udi mara mbili ili mtu asije akamwita mtoto wangu Kibua mlangoni. Waliniacha kwenye kiti cha nje, penye baridi ya mashine. Kabla hajaingia aliniambia, "Bibi, nichekeshe."

Kichwa kikawa kitupu. Mimi, ambaye ninacho cha kumwambia kila mtu. Nikakunja uso tu, kama ninavyokunja.

Akacheka akaingia.

Nilikaa nikisoma kila nilichokihifadhi. Mlango ulipofunguliwa nilisimama. "Vipi?"

Nilisema moyoni, akisema "nzuri" nazimia hapa hapa.

"Ngoja nikae," akasema. Akakaa, na hakunyamaza mpaka basi la kurudi limevuka Bunju. Alianza mlangoni kabisa. Msahihishaji alikuwa mama wa Kizungu, mvi tupu, miwani ya kamba. Mzee, Bibi, mkubwa kuliko wewe.  Macho yakaenda mezani yenyewe. Yule mama akamuuliza anajisikiaje leo, na yeye akasikia lile "nzuri" limeshafika mdomoni. Hapo, aliniambia, akasikia harufu ya nguru anayeungua. Kweli kabisa, kwenye chumba kile chenye marashi.

Akainua macho. Akasema mara ya kwanza alipokuja hapa alikuwa kama samaki aliyetoka majini. Lakini bibi yake anakaanga samaki, na kwa bibi yake samaki aliyetoka majini haonewi huruma, anatafutiwa kisu; kwa hiyo leo ameona afadhali aongee.

"Akafanya nini?" nikauliza.

"Kalamu ilisimama. Akacheka, Bibi. Akaweka mkono mdomoni, lakini alicheka."

"Umemwambia mgeni mambo ya kisu changu?"

"Nimemwambia."

Kisha akapewa karatasi. Mada: eleza mahali penye kelele unapopapenda. Akaeleza kibanda. Akamweleza jirani na ndoa zake, dereva na kichwa chake, mwalimu na paka. Aliongea akinitazama mimi kwenye uso wa yule mama, na yule mama aliposema asante, inatosha, alikuwa bado hajafika kwenye karai.

"Nilikuwa nasubiri ugeuze," akasema.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya mwisho, ya kubishana mawazo, na humo alikwama mara moja, akatafuta neno halipo. Zamani angenyamaza. Safari hii alimwambia yule mama neno limenitoka, nitalizunguka, na akalizunguka kwa maneno mengine mpaka wakaelewana. Keki haikupata nafasi. Hali ya hewa haikupata nafasi. Katika kitabu chote kilichonichosha mimi kidole na yeye goti, ulitumika msemo wa samaki na mwingine mmoja ambao sikumbuki.

Majibu yalichukua siku kadhaa. Yalipotoka nilikuwa na mafuta mpaka kiwiko. Alikuja mbio kutoka nyumbani simu juu, na alipofika hakuweza kusema kitu, mdomo ule wote tulioufungua ukajifunga. Jirani akamnyang'anya simu, akatazama, na kwa kuwa hasomi Kiingereza akamrudishia. "Sema, utatuua!"

"Alama walizotaka," akasema, "na nusu juu yake."

Sikumbuki nani alianza kigelegele. Najua jirani alinikumbatia na unga wake, nikamkumbatia na mafuta yangu, tukawa wawili tayari kwa kukaangwa. Mwalimu alikula siku hiyo bila kulipa, na alichambuliwa miba na mjukuu wangu mwenyewe.

Wiki moja kabla hajaondoka, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu alikuja kutoka Vigwaza kumuaga. Ni mzee wa heshima, maneno yake machache, na watoto wote wa ukoo humwogopa. Nilimkalisha kibandani kwa sababu nyumbani kulijaa masanduku. Mtoto akaja, akapiga magoti, akamshika mkono. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Habari za masomo?"

Hilo si swali, kila mtu wa kwetu anajua. Unasema nzuri, yeye anasema alhamdulillahi, anakunywa kahawa yake.

Mimi nilikuwa nimeshika kipande. Sikufikiri, mazoea tu, nikakitia karaini. Mafuta yakalia.

Na mtoto, aliposikia mafuta, akainua macho, akaanza. Akamweleza mzee Mbegani, akamweleza barua, akamweleza kuanguka na kuinuka, akamweleza huko aendako samaki wanavyogandishwa na kwa nini akirudi anataka wa kwetu wasioze kwenye jua. Mzee ameshika kikombe hewani, hakinyanyui hakishushi. Jirani ananitazama mimi aone kama naogopa. Nami nilikuwa naogopa, lakini sikumkatisha. Nikageuza samaki. Mtoto akanyamaza papo hapo, akainamisha kichwa, akambusu mzee mkono, akaenda kuleta sukari.

Shemeji yangu akashusha kikombe.

"Shemeji," akasema, "huyu mtoto kaanza lini kusema hivi? Nani kamfundisha?"

Jibu lake ni neno moja, na nililelewa kujibu kwa neno moja. Nikatia kipande kingine karaini, nikavuta kigoda, nikamtazama machoni, nikaanza tangu siku ya barua.